Siri ya mteja isimfunge asiye na hatia

MIZANI YA JUMAPILI
Na Rehema Shomari

Mwaka 1982 mlinzi wa mgahawa wa McDonald's mjini Chicago, Marekani, aliuawa kwa risasi. Alton Logan akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mawakili wawili, Dale Coventry na Jamie Kunz, walijua kwamba muuaji si yeye. Mteja wao, Andrew Wilson, aliwakiria kuwa ndiye aliyeua.

Maadili ya kazi yaliwafunga mdomo. Waliandika hati ya kiapo, wakaifungia kwenye kisanduku, na Wilson akawaruhusu kuitoa akishakufa. Alifariki mwaka 2007. Logan aliachiwa mwaka uliofuata, baada ya miaka 26 gerezani.

Wapo wanaowalaani mawakili hao. Mimi siwalaani. Mshtakiwa asiyemwamini wakili wake humficha ukweli, na wakili asiyeujua ukweli hawezi kumtetea. Ndiyo maana hapa Tanzania Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 inamkataza wakili kutoa aliyoambiwa na mteja bila ridhaa yake. Kinga hiyo haimfuniki anayepanga uhalifu: ukimwendea wakili akusaidie kughushi hati ya kiwanja, hapo hakuna siri. Na wanaouliza wakili anawezaje kumtetea mtuhumiwa wa mauaji wasome Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Ninachokataa ni siri ya mwenye kosa kulindwa huku mwingine akiozea jela kwa kosa hilohilo. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kanuni za mawakili zinaruhusu kufichua siri ili kumwokoa mtu asinyongwe au asifungwe kimakosa. Sheria yetu ya Ushahidi haikuweka ruhusa ya namna hiyo.

Iwekwe. Masharti yake yawe makali: wakili apeleke habari kwa jaji faraghani, na maneno ya mteja yasitumike kamwe kumshtaki mteja huyo. Kwa njia hiyo mteja ataendelea kusema kweli mbele ya wakili wake, na aliyefungwa bure atarudi kwa watoto wake.

Chama cha Wanasheria Tanganyika kiandae pendekezo la kujadiliwa na Bunge. Tusingoje mpaka agundulike Logan wa gereza la Ukonga.