Ruzuku za afya Kilimanjaro: Nani atahesabu wafadhili wakiondoka?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KILA mwaka kabla ya Julai Mosi, siku mwaka mpya wa fedha unapoanza, Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, kama zilivyo halmashauri nyingine nchini, hulazimika kujibu swali moja zito: fedha za afya, ambazo hazijawahi kutosha, ziende wapi kwanza?

Jibu si rahisi katika wilaya yenye sura mbili. Tambarare kuna mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, ambako maji ya umwagiliaji huleta mavuno na pia huzalisha mbu. Mlimani kuna vihamba vya Kibosho, Uru na Marangu, ambako baridi huifanya malaria kuwa haba. Mpango unaoandikwa kwa wastani wa wilaya nzima utarundika dawa za malaria mlimani na kuzipunguza kule zinakohitajika. Bila takwimu za kila zahanati, mpango huo utakuwa wa kubahatisha.

Swali hilo limepata uzito mpya tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na hasa baada ya Julai Mosi ya mwaka huo, shirika lake la USAID lilipoacha kuendesha misaada hiyo. Mjadala mkubwa umehusu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, na ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, ruzuku za wafadhili kwa desturi hulipia pia waingizaji wa takwimu, mafunzo ya watumishi na mafuta ya magari ya usimamizi shirikishi. Fedha hizo zikikatika, kinachopungua si huduma peke yake, bali pia uwezo wa kujua huduma imepungua kiasi gani.

Ruzuku ya afya husimama juu ya mafiga matatu: mpango, bajeti, na ufuatiliaji na tathmini. Tanzania imefanya kazi kubwa kuyajenga. Mwaka 1999 serikali na baadhi ya wafadhili walianzisha Mfuko wa Pamoja wa Afya, ili misaada isiendelee kuja vipande vipande, kila mradi na gari lake na fomu zake. Kila halmashauri ikatakiwa kuandaa Mpango Kabambe wa Afya, na fedha za mfuko zikapelekwa kwa kuzingatia mpango huo.

Katikati ya miaka ya 2000 ikaanza kutumika kanuni ya mgawanyo. Asilimia 70 ya uzito ilipewa idadi ya watu, na asilimia 30 iliyobaki ikagawanywa sawa kati ya umaskini, vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano na urefu wa njia za magari ya huduma za afya. Kanuni hiyo ilipunguza upendeleo, lakini nayo ilikuwa na macho yake. Ilihesabu kilometa, haikuhesabu mwinuko wala utelezi wa barabara za mlimani wakati wa masika. Ilihesabu vifo vya watoto, haikuhesabu maradhi ya wazee.

Hatua nyingine kubwa ilikuja mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko huo zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Mfumo wa kielektroniki wa uhasibu wa vituo, FFARS, ulianzishwa kufuatilia matumizi, na ule wa PlanRep ukaboreshwa kwa ajili ya mipango na bajeti. Kamati za usimamizi wa vituo, zenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, zikapata sauti katika matumizi ya fedha.

Lakini fedha kufika kijijini ni jambo moja, na kujua zinunue nini ni jambo jingine. Kuhusu hilo, Kilimanjaro ina historia ambayo imesahaulika mapema mno.

Mwaka 1992, Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle na kwa ufadhili wa Uingereza, ilianza mradi uliojulikana kwa kifupi AMMP katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na Hai. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vifo, hasa vya watu wazima. Kwa kuwa wengi walikuwa wakifia nyumbani na vitabu vya hospitali havikuwaona, wahojaji walikwenda kwa wafiwa na kuwauliza dalili alizokuwa nazo marehemu. Majibu hayo yalipitiwa na madaktari ili kukadiria chanzo cha kifo.

Hesabu hiyo ilionyesha kuwa Ukimwi ulikuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wazima katika maeneo yote matatu, Hai ikiwamo. Ilionyesha pia jambo ambalo wachache walilitarajia vijijini: kiharusi kilikuwa kikiua watu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu theluthi moja ya watu wazima katika kijiji cha Shari, Hai, wana shinikizo la damu, kiwango kisichopishana sana na cha Ilala jijini Dar es Salaam. Kati ya waliokuwa na tatizo hilo, chini ya mmoja kati ya watano alijua kuwa analo, na waliokuwa wamelidhibiti hawakufika asilimia moja.

Takwimu za namna hiyo zina nguvu zikiingia katika bajeti. Katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, mradi wa TEHIP uliofadhiliwa na Canada uliwapa waganga wakuu wa wilaya picha ya maradhi yanayopoteza maisha, ikiwekwa kando ya matumizi yao. Morogoro ilibainika kuwa malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Mipango ikabadilishwa, fedha kidogo zikaongezwa, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Hai ilikuwa na takwimu, lakini shinikizo la damu halikuwa na mfadhili wake. Mfuko wa Dunia ulioundwa mwaka 2002 ulielekezwa kwa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na mpango mkubwa wa Marekani uliofuata mwaka 2003 ulijikita katika Ukimwi. Misaada hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna wa kuibeza. Hata hivyo, kila ruzuku ilikuja na viashiria vyake, na mtumishi wa zahanati akajaza kile kilichoulizwa. Ugonjwa usioulizwa haukuonekana katika ripoti, na usioonekana katika ripoti haukupata fedha.

Mradi wa AMMP ulifungwa mwaka 2004. Ufadhili ulipokwisha, na kazi ya kuhesabu kwa namna ile ikaisha. Hilo ndilo onyo kwa halmashauri zote leo.

Ufuatiliaji na tathmini hauwezi kuendelea kuwa kifungu cha mfadhili. Halmashauri inayotenga mapato yake ya ndani kwa ajili ya vitabu vya MTUHA, mtunza takwimu na usimamizi shirikishi hainunui karatasi, inanunua macho. Aidha, takwimu hizo zisiishie kupanda kwenda wilayani, TAMISEMI na wizarani. Zinapaswa kurudi kwenye kamati ya zahanati, ili mjumbe kutoka Kibosho aone wazee wangapi wa kijiji chake walipimwa shinikizo la damu, na mwenzake wa Mabogini aone ni watoto wangapi waliugua malaria baada ya mvua.

Wafadhili wana haki ya kuuliza fedha zao zimefanya nini. Mkazi wa Kilimanjaro, ambaye ndiye huuguza na ndiye huzika, ana haki hiyo zaidi. Je, bajeti ijayo itakuwa na kifungu cha kumjibu?