Aliyemleta Robinson

Novemba tunawaombea marehemu. Leo namkumbuka Wendell Smith, mwandishi wa michezo wa gazeti la Pittsburgh Courier. Ndiye aliyempendekeza Jackie Robinson kwa Branch Rickey, kiongozi wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers. Mwaka 1947 Robinson akaingia ligi kuu ya Marekani, iliyowafungia weusi milango kwa miaka mingi. Smith, mweusi pia, alinyimwa nafasi miongoni mwa waandishi wazungu. Akaandikia jukwaani, katikati ya mashabiki. Robinson alifariki Oktoba 1972. Smith akamfuata Novemba hiyohiyo.

Andrea alimleta Simoni kwa Yesu, nasi tunamtaja zaidi Petro. Mimi nilipelekwa seminari na katekista mmoja. Kaburi lake bado halina msalaba.