Anayepita nyumbani kwa wagonjwa asiwe wa kwanza kukatwa

Feza zinapopungua katika mradi wa afya hapa Goma, mtu aliye rahisi kuondolewa ni yule anayepita nyumbani kwa wagonjwa. Ni reko wa mtaa, au mama mshauri anayejua nani ameacha dawa na nani hatoki tena kitandani. Anapewa franga kidogo za usafiri, hana mkataba wa kazi, na wengi hawamhesabu kuwa mfanyakazi. Ukimwacha, hakuna fidia wala kesi. Kwenye karatasi ya bajeti panaonekana akiba.

Akiba hiyo ni ya uongo, na mwaka 2025 umetuonyesha hivyo.

Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje. Tajiri Elon Musk alikuwa mstari wa mbele, akileta serikalini desturi ya makampuni: kata kwanza, kilichovunjika utakiona baadaye. Tarehe 10 Machi waziri Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, yaani mikataba kama 5200. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafunga milango. Na Kongo ilikuwa imeegemea huko sana: mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya feza za msaada wa kiutu nchini zilitoka Marekani.

Kwa wakaaji wa Goma pigo hilo lilianguka juu ya lingine. Siku chache baada ya msaada kusimamishwa, M23 wakaingia mjini. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Februari makambi ya wakimbizi wa vita, kama Bulengo na Kanyaruchinya, yakaondolewa, na watu wakabeba mashuka na sufuria wakaelekea Sake, Masisi, Rutshuru. Kati yao walikuwamo wenye VVU, wenye kifua kikuu, wazee waliopooza. Kitabu cha hospitali hakiwezi kumfuata mtu hadi kijijini. Anayeweza ni yule anayemjua kwa jina, anayejua shangazi yake anakaa wapi, na huyo ndiye tuliyemnyima franga za pikipiki.

Wasimamizi wa miradi wana jibu lao: feza zilizobaki lazima zilinde hospitali, maana huko ndiko maisha yanaokolewa. Jibu hilo lina ukweli, na hakuna anayeomba vitanda vifungwe. Lakini tangu 2010, kule Kinshasa, MSF pamoja na chama cha watu wanaoishi na VVU walionyesha kwamba mgonjwa aliye imara anaweza kuchukua dawa zake karibu na nyumbani, mikononi mwa mtu mwenye VVU kama yeye, kwa gharama ndogo na bila kupanga mstari hospitalini. Anayeacha dawa kwa kukosa mtu huyo atarudi akiwa mahututi, na hapo ndipo gharama kubwa inapoanza.

Wengine hawarudi kabisa. Wanabaki nyumbani, na mara nyingi mzigo unamwangukia binti. Mtu asiyeweza kuamka anahitaji kuoshwa kila siku. Katika mji huu uliokaa kando ya ziwa, maji yananunuliwa kwa bidoni. Ongeza sabuni, makala, unga wa sosoma. Binti anaacha masomo, mama anaacha meza yake ya soko. Hakuna mfadhili anayeandika hasara hiyo popote, kwa hiyo kwake haipo.

Kuna pia maumivu, jambo tunaloona haya kulizungumza. Mgonjwa wa saratani iliyokwisha kuenea hapaswi kulia usiku kucha kwa sababu jirani zake ni maskini. Wenzetu Uganda walianza 1993, Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa: mofini ya unga inachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani bila sindano. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Uganda haikungoja kuwa tajiri ndipo ifanye hivyo, na Bunagana si mbali.

Zoni za afya na mashirika yaliyobaki Goma yanapanga bajeti upya kila miezi michache. Kabla ya kufuta mstari wa usafiri wa reko, wahesabu kwanza magari yanayobaki uani na warsha za hotelini. Halafu waulize katika kila kata ni wagonjwa wangapi walikuwa wakitembelewa Desemba 2024, na wangapi kati yao wamesikika tena. Maswali hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Reko wenyewe wanayo majina, mengi yakiwa yameandikwa katika madaftari ya shule.