Kabla Hujaituma Ile Klipu ya Vita Vikuu



Umeiona hiyo video. Wanajeshi wanapanda kutoka handakini na bunduki mkononi, mmoja anateleza chini na kubaki hapo hapo, wengine wanapotelea kwenye moshi. Haina rangi. Juu yake kumewekwa muziki mzito na milio ya mizinga, na chini imeandikwa ati ni Vita Vikuu vya Kwanza, picha halisi. Kidole chako kiko tayari kuituma kwa grupu.

Subiri kwanza.

Kipande hicho kimetoka kwenye filamu ya The Battle of the Somme, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza Agosti 1916 huku mapigano yenyewe bado yanaendelea Ufaransa. Wapiga picha walikuwa wawili, Geoffrey Malins na J. B. McDowell. Ile sehemu ya kupanda kutoka handakini, ambayo inarudiwa mpaka leo, iliigizwa nyuma ya mstari wa vita. Wale wanaoanguka pale hawakuuawa. Kamera ya siku hizo ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu, inazungushwa kwa mkono. Ukisimama nayo wima mbele ya rashasha, hurudi nyumbani. Na hiyo milio unayosikia? Filamu ilikuwa bubu. Sauti imetiwa baadaye.

Je, ni uongo mtupu basi? La. Ndani ya filamu hiyo hiyo kuna mlipuko wa Hawthorn Ridge, baruti iliyochimbiwa chini ya ngome ya Wajerumani na kulipuliwa asubuhi ya 1 Julai 1916. Huo ni wa kweli, Malins aliunasa ukitokea. Kuna majeruhi wa kweli, na maiti wa kweli. Siku hiyo moja Waingereza waliouawa walikuwa 19,240. Ukweli na maigizo vimeshonwa kitambaa kimoja, na anayetazama haonyeshwi mshono uko wapi.

Vita vya pili vikaja na ujanja mwingine. Leni Riefenstahl alitengeneza Triumph of the Will mwaka 1935 kumtukuza Hitler. Miaka michache baadaye Mmarekani Frank Capra akachukua vipande vya filamu hiyo hiyo, akavitia kwenye mfululizo wake wa Why We Fight ili Wamarekani wamchukie Hitler. Gwaride ni lile lile. Kilichobadilika ni msimulizi.

Kwa hivyo ukiona klipu ya vita, uliza mambo matatu. Nani alishika kamera? Nani ameikata na kuipa maneno? Na nani hayumo?

Hilo la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Vita hivyo vya kwanza vilipiganwa hapa pia, Taveta, Salaita, Mbuyuni, mpaka ndani ya Tanganyika na Msumbiji. Waingereza walikusanya wapagazi kama milioni moja wa Kiafrika, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na chakula kichwani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndiko lilikotoka jina la Kariakoo, na Kariokor ya Nairobi. Zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa malaria, kuhara na njaa. Picha za Somme zitakujia zenyewe kwenye simu. Za hawa utazitafuta sana.

Hata makaburi walinyimwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti yenyewe ilisema ubaguzi ulichangia.

Na Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikipeleka wanajeshi Colombo, wakiwemo mamia ya Waafrika wa kikosi cha mizinga. Nyambizi ya Wajapani iliizamisha karibu na Maldives kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Nani angewahi kuwasha kamera?

Msije mkasema haya ni ya kale, yametuhusu nini. Kesho mama atasimama na video ya jinsi mwanawe alivyochukuliwa usiku na watu wasiojulikana. Kama sisi wenyewe tumezoea kusambaza maigizo na kuyaita ushahidi, ya mama huyo ataiamini nani? Na kama hakuna video, tutasema hakikutokea kitu? Wengi wa wapagazi wale hawakupigwa picha, na walikufa vile vile.

Basi ukiwa huna hakika, usitume. Ukituma, andika imetoka wapi na mwaka gani. Na kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka babu aliyepelekwa Kariakoo au Burma, keti naye wiki hii. Rekodi sauti yake, andika jina la huyo babu na kijiji alichotoka. Simu unayo.