Alama na Desimali: Hoja Tatu Zisizosimama

Wasomaji, mmezisikia hoja za wanaotaka hesabu za alama, zinazoshika namba na herufi kamili bila kukadiria, na hesabu za desimali, zinazokadiria, zitenganishwe ndani ya kompyuta. Zipimeni moja moja kwa ushahidi, kisha mwamue.

Ya kwanza: desimali zatosha. Ukiwa na shaka, wanasema, ongeza tarakimu. Majibu yakifanana, ni sahihi. Mwaka 1988 mwanahisabati wa Ujerumani, Siegfried Rump, alitoa fomula fupi ya kukokotolewa kwa a = 77617 na b = 33096. Kompyuta ya IBM iliikokotoa kwa viwango vitatu vya usahihi, na mara zote tatu jibu lilianza na 1.1726. Jibu la kweli ni karibu −0.8274. Majibu yalifanana, na yote yalikuwa ya uongo. Hesabu kamili, isiyokadiria popote, ndiyo iliyoyaumbua.

Ya pili: alama peke yake, kwa kuwa hazikosei. Kweli hazikosei, ila haziwezi kila kitu. Chukua x⁵ − x − 1 = 0. Jawabu lake haliandikiki kwa matendo manne ya hesabu na vipeuo. Programu ya alama itakurudishia maelezo tu: namba inayotimiza mlinganyo huu. Watetezi wa hoja hii, wakitaka kuionyesha kwenye grafu, huomba desimali. Wanakikataa kwa mdomo wanachokitumia kwa mkono.

Ya tatu ndiyo nzito: ukichanganya, makosa ya desimali yatapenya kwenye uhakika wa alama. Hofu hii ina msingi. James Wilkinson wa Uingereza alichukua polinomia yenye majawabu 1 hadi 20. Akibadilisha namba yake moja, −210, kwa takriban 0.00000012 tu, majawabu kumi hugeuka namba changamano. Lakini hilo linashutumu kukadiria kabla ya wakati, si ushirikiano. Turudi kwenye x⁵ − x − 1. Desimali zinapendekeza jawabu kati ya 1.167 na 1.168. Ziandike namba hizo kama sehemu za elfu, ukokotoe bila kukadiria: ya kwanza inatoa hasi, ya pili chanya. Basi jawabu limo humo. Aljebra inaongeza kwamba kuanzia 1 mchoro hupanda tu, hivyo hakuna jingine mbele. Desimali zimetafuta, alama zimethibitisha.

Anayedai mchanganyiko huu umetia doa uhakika atuonyeshe ni katika hatua ipi. Asipoweza, hoja yake imeanguka.