Barua ya Adhabu Iitaje Haki ya Rufaa

Mtumishi wa serikali wa Tanzania Bara aliyeshushwa cheo, au aliyefukuzwa kazi kwa uamuzi auonao kuwa ni dhuluma, hana haja ya kutafuta mtu wa kumwombea shufaa kwa wakubwa, maadamu Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 imekwisha kumfungulia njia: walio wengi hukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na asiyeridhika huko humwendea Rais. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, sheria yamtaka azimalize kwanza ngazi hizo kabla ya kukimbilia sheria za kazi.

Lakini njia hiyo ina muhula wake, nao ni siku 45 tangu kuupokea uamuzi. Na hapo ndipo haki za wengi hupotea. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na makao ya wilaya, aliyeshtakiwa kwa utoro wa zaidi ya siku 5, huandikiwa barua ya kufukuzwa, ikalala mezani, ikapita mikono mitatu, ikamfikia bila ya kutiwa sahihi mahali popote, wala haimwambii neno ila kwamba kazi imekwisha. Naye, kwa kutojua, huzimaliza siku zake akiwazungukia wakubwa wamhurumie, hata rufaa yake, ijapokuwa ina hoja nzito, ikaja kuambiwa kuwa imechelewa.

Basi apokeapo barua ya namna hiyo, na aandike tarehe aliyoipokea, aihifadhi pamoja na hati ya mashtaka na utetezi wake, kisha aeleze wapi utaratibu ulivunjwa. Ikiwa hakupewa mashtaka kwa maandishi, au hakusikilizwa, hiyo ndiyo hoja ya kutangulizwa, wala si idadi ya watoto anaowalisha, ingawa najua ni uchungu huo ndio uijiao kalamu kwanza.

Wako wakubwa wanaohesabu rufaa kuwa ni ukaidi. Wanakosea, kwani sheria iliyowapa mamlaka ya kuadhibu ndiyo hiyo hiyo iliyompa mtumishi haki ya kupinga adhabu. Nawasihi maafisa utumishi wa halmashauri zetu: kila barua ya adhabu itaje kwamba rufaa ipo, yapelekwa kwa nani na ndani ya siku ngapi, naye mtumishi mwenyewe aipokee kwa sahihi na tarehe. Waanze na barua watakayoiandika kesho.