Nitajie Upepo Kwanza, Jini Baadaye

Mjomba wangu hajui Kiingereza, lakini ndiye mhakiki ninayemwogopa kuliko wote. Jioni huketi chini ya mvinje, ubavuni mwa ngalawa yake hapa Ushongo, akishona nyavu, nami humsimulia kitabu ninachosoma. Majini hayamshtui. Joka likitema moto, yeye anavuta uzi tu. Ila siku niliyomwambia kwamba mchawi mmoja kijana yuko peke yake baharini, anakifukuza kivuli, sindano ilisimama.

"Upepo gani?" akauliza.

Ikabidi nirudi kitabuni. Kilikuwa A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, kilichotoka mwaka 1968. Jibu nililikuta. Kijana mwenyewe, Ged, mtu wa visiwani, anaweza kuuita upepo wa kichawi uingie tangani, ila unamchosha, maana asipoushikilia unamponyoka. Na mashua ameipata kwa mzee mwenye mtoto wa jicho. Ged alimtibu macho, mzee akampa chombo chake kikuukuu, akamwomba akichore macho mawili omoni.

"Kama majahazi ya Lamu," mjomba akasema, akaendelea kushona. Nikajua kitabu kimepita.

Mimi nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya hapa kijijini. Wageni wakiondoka huacha vitabu vilivyovimba kwa hewa ya bahari, mchanga umejaa katikati ya kurasa. Masika yakianza, vyumba vinakuwa vitupu, nami nachukua kimoja kimoja. Sisomi kwa mpango. Nasoma kilichoachwa, na mara nyingi kilichoachwa ni kitabu cha pili cha hadithi yenye vitabu vitatu. Cha kwanza na cha tatu vimerudi Ulaya na mwenyewe. Kwa hiyo maoni yangu ni ya msomaji wa kuokota, myapime hivyo hivyo.

Maoni yenyewe ni haya: katika hadithi za ajabu na za kisayansi, uongo mkubwa naumeza bila maji, ila uongo mdogo unanikwama kooni. Niambie mtu amegeuka ndege, naitikia. Niambie jeshi limetembea jangwani siku arobaini, kisha usinionyeshe hata mtu mmoja aliyebeba maji, nakirudisha kitabu kwenye rafu. Nimekulia nyumba ambayo maji ya kunywa yana mtu wa kuyateka, na mtu huyo nilikuwa mimi.

The Two Towers cha J. R. R. Tolkien nilikianzia hivyo hivyo katikati, watu siwajui, vita siijui. Kilichonishika ni mpishi. Sam, mtumishi anayefuatana na bwana wake kwenda kwenye nchi ya kutisha, amebeba masufuria yake safari nzima. Wanapata sungura wawili, anawachemsha kwa majani ya kunukia, anasikitika hana viazi. Kisha anasahau kuuzima moto vizuri, moshi unapanda, askari wanawaona. Hapo nikaiamini ile nchi na kila zimwi lake, kwa sababu moto wa kule unafuka moshi kama wa kwangu.

Wapo majirani wanaoniambia mambo haya ni ya Wazungu, sisi yametupitia kando. Wakishasema hivyo wanakatazana kuoga mlangoni mwa mto kwa kuogopa chunusi. Sisi ambao mbele yetu kuna Maziwe tutashangaa nini? Kile kisiwa kilikuwa na mivinje yake. Miti ikafa, kikabaki fungu la mchanga. Maji ya bamvua yakijaa, huoni kitu ila bahari, na mayai ya kasa inabidi yahamishwe yaletwe ufukweni kwetu yasizame. Au silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka miaka zaidi ya milioni 65 iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 akaanza kuingia kwenye majarife ya wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 bahari ya Tanga ikapata hifadhi yenye jina lake. Nilipomsomea mjomba habari hizo alicheka. "Samaki hakupotea, mwanangu. Hawakumuuliza mvuvi."

Malalamiko yangu ni juu ya shule. Kusadikika cha Shaaban Robert nilikisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani, nikakichukia. Tuliambiwa nchi ile ya angani inawakilisha utawala wa kikoloni, Karama anawakilisha mpenda haki, Waziri Majivuno anawakilisha dhuluma. Tukaandika dhamira, tukaandika ujumbe, tukaandika falsafa ya mwandishi. Yote sahihi. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1951, na hakuna darasani aliyetuambia kwamba kijana wa Kitanganyika wakati ule aliweza kukifungua kwa sababu moja tu, kujua nini kitatokea kwa mtu aliyesimamishwa mbele ya baraza akipigania roho yake kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotangulia. Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, cha mwaka 1995, nacho kinachunwa hivyo hivyo. Mtu amehukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha kurushwa angani, anatua kwenye dunia nyingine, na mwanafunzi anakimbilia kuandika kwamba jina lile maana yake ni "wale ni sisi." Ngoja kwanza, ndugu. Atue.

Masika iliyopita nilikitoa Kusadikika sandukuni, nikamsomea mjomba mwanzo wake. Miaka yote ile sikuwa nimeona kitu ambacho yeye alikidaka mara moja: mwandishi ameipakanisha nchi yake na pepo nne. Kaskazini kuna kaskazi, kusini kusi, mashariki matlai, magharibi umande.

Sindano ikasimama tena.

"Huyu ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Tanga, Vibambani. Alizaliwa mwaka 1909. Amekuwa karani wa forodha, hata Pangani alifanya kazi."

"Forodhani. Basi ameviona vyombo vikiingia." Akanyamaza kidogo. "Lakini kaskazi na kusi hazivumi pamoja. Kaskazi ikiingia, kusi imeondoka. Sasa huko kwao mpaka mmoja si unakuwa wazi miezi kadhaa?"

Sina jibu. Labda ndiyo sababu wajumbe waliweza kutoka. Labda mwandishi alitaka tuone kwamba nchi inayojifungia namna ile ina mlango ambao wakubwa wake hawaulindi. Nimelifikiria swali hilo huku nikitandika vitanda, zaidi ya nilivyowahi kufikiria swali lolote la mtihani.

Kwa hiyo naomba mawili. Walimu, kabla ya dhamira, mwacheni mtoto aulize upepo, chakula, nani amebeba maji. Dhamira itamfuata mwenyewe. Na ninyi waandishi wetu, andikeni ya majini na ya sayari kwa Kiswahili, tunayataka. Maziwe iko pale, silikanti yuko chini. Ila mkimpandisha mtu chomboni, jueni kuna mzee Ushongo ameshika sindano, anasubiri kusikia tanga limejaa kutoka wapi.

Mimi kwa sasa nina kazi. Tumefika kwa mjumbe wa tatu, na mjomba amekataa nisiruke hata ukurasa.